Kobalti inapita, moshi unabaki

Ndugu raia wa Kasumbalesa na Lubumbashi, wazazi wetu, ba mama wa kando ya barabara, madereva, makanika, wewa na wanafunzi,

Tunaandika juu ya moshi. Wengine watacheka: inchi iko na vita huko Mashariki, walimu wanalia, umeme unakatika kila siku, na ninyi vijana mnakuja kutuletea habari ya injini za magari? Ndiyo, tunaileta. Sisi ndio tunaovuta kile ambacho injini hizo zinatoa. Na kobalti inayotengeneza magari safi ya watu wengine inapita mbele ya milango yetu, imebebwa na lori la mazutu linalokohoa.

Tunasema msimamo wetu mapema, asikuwe mtu wa kuusikia vibaya. Serikali ya Kongo itoe pesa, shule na sheria kwa ajili ya injini safi na zinazokula mafuta kidogo. Ianzie kwenye barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa. Na pesa hizo zitoke kwenye kobalti yenyewe. Tunalihesabu kama deni, na deni halina haya kudaiwa.

KILE TUNACHOKIONA KILA SIKU

Kutoka Lubumbashi mpaka hapa ni karibu km 90. Shaba na kobalti za Haut-Katanga na Lualaba zinatokea hapa kuingia Zambia, halafu zinatafuta bahari: Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay. Malori yanayorudi yanaleta salfa, chokaa, mafuta, vipuri, unga. Kasumbalesa ni moja ya milango inayoingizia hazina pesa nyingi zaidi za forodha. Hilo serikali inalijua vizuri sana. Kile inachosahau ni kwamba ndani ya mlango huo munaishi watu.

Msururu wa malori unaweza kufika makumi ya kilometa. Mtandao wa forodha ukikatika, msururu unarefuka. Maofisi mawili yakigombana juu ya karatasi moja, unarefuka. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mipaka yake na sisi baada ya Kinshasa kukataza pombe na soda za kutoka kwao, kila mtu aliona: siku chache tu zilitosha kuifunga njia yote.

Na lori kwenye msururu halizimwi ovyo. Dereva anasogea mita 20, anasimama, anangoja, anasogea tena. Akizima, upepo wa breki unashuka na betri iliyochoka inaweza kukataa kuwasha. Basi anaacha injini inazunguka. Lori zito lililosimama hivyo linakula kama lita 3 za mazutu kwa saa. Tufanye hesabu ya mtoto wa shule: malori 500, kila moja likizungusha injini saa 8, ni lita 12,000 kwa siku moja. Mzigo haujasogea, lakini mazutu yameisha na moshi umeingia nyumbani kwa watu.

Moshi huo si kero ya pua peke yake. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitishwa kwamba vinaleta kansa kwa binadamu. Tumbaku iko kwenye kundi hilo hilo. Kwa pakiti ya sigara, serikali inaandika onyo. Kwa mama anayeuza maandazi na maji kati ya magurudumu ya malori tangu saa kumi na moja ya asubuhi, mtoto mgongoni, hakuna onyo, hakuna kipimo, hakuna dispensari iliyoulizwa kuhesabu vifua vinavyokohoa. Tunaona paka wanaokusanya makuta.

"SOKO LITAFANYA": HAPANA

Kila tukiuliza, tunajibiwa na wataalamu wenye suti: injini safi ni mambo ya makampuni, soko litafanya kazi yake, Kongo ingojee. Tunawajibu kwa mifano. Hatujui inchi hata moja iliyopata injini safi kwa kungojea.

California, mwaka 1990, iliwaambia watengenezaji wa magari kwa sheria kwamba sehemu ya magari wanayouza lazima isitoe moshi kabisa. China ilianza mwaka 2009 kutia pesa za serikali kwenye magari ya umeme, kwanza mabasi na teksi za miji, halafu magari ya raia. Ilisaidia wanunuzi hivyo mpaka mwisho wa 2022, na leo ndiyo inaongoza dunia. Marekani iliipa Tesla mkopo wa serikali wa dola milioni 465, wakati kampuni hiyo ilikuwa bado ndogo na wengi walikuwa wanaicheka. Raia wa Marekani aliyenunua gari la umeme aliweza kupunguziwa kodi hadi dola 7,500, mpaka msaada huo ulipokatwa mwisho wa Septemba 2025. Na hata kuukata ulikuwa uamuzi wa serikali. Soko halikuamua kitu.

Mtasema hao ni matajiri. Basi tuangalie majirani. Uganda: wanafunzi na walimu wa Makerere walitengeneza gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, kwa pesa za serikali. Mwaka 2016 wakaonyesha basi linalosaidiwa na jua, Kayoola. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya serikali, Kiira Motors, na kiwanda Jinja. Rwanda iliondoa kodi nyingi kwa magari ya umeme mwaka 2021. Ethiopia, mwanzo wa 2024, ilikataza kabisa kuingiza magari ya esanzi na mazutu ya watu binafsi. Mtu anaweza kubishana na kila moja ya hatua hizo, na sisi wenyewe tutabishana na hiyo ya mwisho. Lakini ni hatua. Hakuna hata moja kati ya inchi hizo tatu yenye kobalti kama yetu.

NA KONGO IMETOA NINI? HOTUBA

Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu. Gari moja la umeme linahitaji pia shaba karibu mara nne kuliko gari la kawaida, na shaba tunayo. Viongozi wetu wamepata jina zuri la kujiita juu ya hilo: Kongo "inchi ya suluhisho". Jina zuri halikatazwi. Lakini tuwafuatilie maneno yao kwa tarehe.

Novemba 2021, Kinshasa, mkutano mkubwa wa wafanyabiashara juu ya betri. Mbele ya wakubwa ikatolewa hesabu ya BloombergNEF: kiwanda cha tani 10,000 za malighafi iliyotayarishwa kwa ajili ya betri kingegharimu dola milioni 39 kikijengwa Kongo, wakati Marekani kingegharimu mara tatu zaidi. Watu wakapiga makofi. Mwaka 2022, kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kikazinduliwa ndani ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tukafurahi, na mpaka leo tunasema ni wazo zuri. Aprili 2022, Kongo na Zambia zikasaini makubaliano ya kutengeneza pamoja malighafi hizo za betri. Desemba 2022, huko Washington, zikasaini tena, mara hii na Marekani. Makofi tena.

Sasa tunauliza, sisi tunaokaa kwenye njia yenyewe: kiwanda kiko wapi? Malori yanayopita hapa yanabeba haidroksidi ya kobalti ndani ya mifuko mikubwa, vile vile yalivyobeba kabla ya makofi. Inakwenda kusafishwa China. Dola milioni 39 ni pesa gani mbele ya kile kinachopita Kasumbalesa? Mmeshindwa kuzipata, ama hamkuzitafuta?

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kobalti isitoke, bei ikapanda, halafu tangu Oktoba ikaweka mgao: tani 96,600 kwa mwaka, kwa 2026 na 2027. Hatukupinga. Mwenye mali ana haki ya kusema bei yake. Lakini mwenye mali akipandisha bei, watoto wake wanapaswa kuona tofauti ndani ya nyumba. Kasumbalesa, tofauti iko wapi?

SAA INATEMBEA, KOBALTI HAITATUNGOJEA

Kuna jambo ambalo hotuba hazisemi. Juni 2021, serikali ya Marekani iliandika wazi kwenye mpango wake wa betri kwamba inataka kufikia mwaka 2030 ikiwa na betri zisizo na kobalti wala nikeli. Tena si Marekani peke yake. Betri za chuma na fosfati, ambazo hazina hata gramu ya kobalti, zilifikia karibu nusu ya betri za magari ya umeme yaliyouzwa duniani mwaka 2024, na China ndiyo iliyozisukuma.

Maana yake ni nini kwa mtu wa hapa? Serikali za wengine zinalipa watafiti wao ili siku moja wasituhitaji. Serikali yetu haiwalipi watafiti wetu ili siku hiyo itukute tumejua kitu kingine. Mwanafunzi wa polytechnique Lubumbashi anasoma juu ya betri kwenye picha. Siku kobalti itaporomoka, tutabaki na mashimo Kolwezi, na moshi Kasumbalesa, na vijana wanaojua kubeba mifuko.

Wazee wetu wa Katanga hawakuwa washamba wa mambo haya. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, ikipitia Sakania. Tangu miaka ya 1950, treni za umeme zinatembea kwenye reli ya Katanga, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado inachoma makaa. Laini ya umeme ya Inga–Kolwezi, ya km 1,700 hivi, ilimalizika mwaka 1982, ikapita juu ya vichwa vya vijiji visivyo na taa ili ifike kwenye migodi. Kwa hiyo wasituambie kwamba umeme na usafiri mzito haviwezekani hapa. Viliwezekana kwa ajili ya madini ya wakoloni, vikawezekana kwa ajili ya madini ya Mobutu. Juu ya nini visiwezekane kwa ajili ya mapafu ya watu?

PESA ZIKO, LAKINI ZINALIPIA MOSHI

"Hakuna pesa." Tunaijua nyimbo hiyo. Basi tuseme pesa ziko wapi.

Ya kwanza: kwa miaka, serikali imekuwa inalipa makampuni ya mafuta lile pengo kati ya bei ya kweli na bei ya pampu. Ni mamilioni ya dola. Tunajua msaada huo unamsaidia pia wewa na mama wa soko, na hatutaki uondolewe usiku mmoja, juu bei ya unga ingepanda asubuhi. Lakini migodi nayo ilikunywa kwenye kikombe hicho mpaka serikali yenyewe ikaona ianze kuitoa. Ina maana serikali ilipata pesa za kusaidia mazutu ya matajiri. Ikiulizwa pesa za injini safi, mfuko unakuwa na tundu.

Ya pili: kanuni ya madini ya 2018. Mwaka huo huo kobalti ikatangazwa madini ya mkakati, na ushuru wake ukapanda kutoka asilimia 3.5 mpaka 10. Sheria inagawanya ushuru huo hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo, FOMIN. Someni vizuri. Eneo la mgodi limewekewa fungu lake. Eneo ambamo mzigo unapita, ambamo barabara inaliwa na hewa inaharibika, halikuwekewa kitu. Na kizazi kijacho kinachotajwa humo ni nani? Kama si vijana wa leo wa Kasumbalesa na watoto walioko mgongoni mwa ba mama wa msururu, basi ni nani?

Ya tatu: kila lori linalipa peaje na linalipa mpaka. Raia hajaonyeshwa ni kiasi gani kati ya pesa hizo kinarudi kuifanya njia hii isiue.

MSIMGUSE MASKINI KWANZA

Hapa tunataka tuwe wazi, juu tunajua jinsi serikali yetu inavyofanya mageuzi: inaanza na mdogo. Kesho ataamka mkubwa mmoja aseme amesikia kilio cha vijana, na polisi wa barabara watasambaa kukamata teksi na pikipiki "zenye moshi". Moshi utakuwa pale pale, na mifuko ya watu itakuwa mitupu.

Magari ya zamani hayakujileta. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yakaja Afrika. Sisi hapa tunayaona yenye usukani wa kuume, kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, yanatembea Lubumbashi kwenye inchi inayopita upande wa kuume. Mtu ananunua hilo kwa sababu ndilo analoliweza. Kumnyang'anya bila kumpa njia nyingine ni wizi uliovaa nguo ya mazingira. Ndiyo maana hatuombi Kongo iige katazo la Ethiopia. Nyumba ambayo SNEL inaiwashia taa saa chache kwa siku haiwezi kulazimishwa kuchaji gari.

Anzeni na wale wenye uwezo: wenye migodi, wenye makampuni makubwa ya malori, na serikali yenyewe na magari yake.

KILE TUNACHODAI

1. Msururu uishe. Forodha na maofisi yote ya mpaka yafanye kazi pamoja, upande wetu na wa Zambia, mchana na usiku, na yatangaze kila wiki lori limengoja saa ngapi. Mazutu yaliyo safi kuliko yote ni yale ambayo hayakuchomwa.

2. Mazutu yenye salfa kidogo. Inchi tano za Afrika Mashariki zilikubaliana tangu 2015 kwenye kiwango cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022, na haikuingia kwa ajili ya picha tu. Kiwango hicho kiwe sheria, mafuta yapimwe kwenye mpaka, na matokeo yabandikwe mahali raia anaweza kusoma. Bila hivyo hata lori jipya ni bure, juu salfa inaharibu vichujio vya moshi.

3. Kampuni inayosafirisha madini itumie malori yaliyopimwa moshi. Anayekuja kuchukua kobalti ya gari safi asije na gari chafu. Tunataka tarehe na ratiba kwa makampuni makubwa, na msaada wa mkopo kwa mwenye lori moja ili abadilishe injini.

4. Mzigo urudi kwenye reli. SNCC ipewe vichwa vya treni na mabehewa, na sehemu za umeme zifufuliwe.

5. Fungu la wazi kutoka ushuru wa kobalti na kutoka FOMIN liende kwenye kituo cha betri cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwenye shule ya makanika hapa Kasumbalesa. Fundi wa kichaka anayetengeneza pampu ya mazutu kwa waya na akili anaweza kujifunza injini mpya. Apewe darasa, vyombo na cheti.

6. Mashine za kupima hewa ziwekwe kwenye njia ya malori, karibu na shule na soko, na dispensari zihesabu magonjwa ya kifua. Kinachokosa kuhesabiwa, serikali inakikana.

NA SISI TUTAFANYA NINI?

Hatutavunja kioo cha lori la mtu. Dereva ni ndugu yetu, analala njiani kama sisi tunavyolala kwenye moshi. Hatutafunga barabara ili mama wa soko akose kula. Tutahesabu. Vijana wetu watakaa kwenye msururu na madaftari, wataandika malori mangapi, saa ngapi, injini zikiwaka au zimezimwa, na tutaweka hesabu hizo hapa. Tutawapelekea wabunge wa jimbo waliochaguliwa na sisi maswali kwa maandishi, na tutatangaza nani amejibu na nani amenyamaza. Wabunge wa kitaifa watakuta nakala mezani.

Tunawaomba madereva watusaidie kwa kutuambia ukweli wa njia. Tunawaomba wauguzi watuambie wanachokisikia kwenye vifua. Tunawaomba walimu wa polytechnique wasiogope kusema hadharani wanachokikosa.

Na kwa wakubwa wa Kinshasa na Lubumbashi: mmejiita inchi ya suluhisho mbele ya dunia nzima. Sawa. Njooni mfanye suluhisho hilo Kasumbalesa kwanza, mahali mzigo wenyewe unapitia. Mkiogopa moshi, mfunge vioo vya magari yenu, kama mnavyofanya siku zote mkipita hapa. Sisi hatuna vioo vya kufunga.

Kobalti ni yetu. Hewa ni yetu. Tunadai vyote viwili.

Imetolewa Kasumbalesa, na vijana raia wa mpaka.